Namuuguza mama peke yangu hapa Ujiji na biashara imekufa, kuna msaada wowote?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 39 nipo Ujiji, mama yangu ana miaka 71, mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia wote haufanyi kazi na kuongea anaongea kwa shida sana. Mimi nilikuwa nachukua dagaa Kibirizi naenda kuuza sokoni Mwanga, siku nzuri nabaki na elfu kumi na mbili hivi mkononi, sasa hivi siendi kabisa maana siwezi kumuacha. Tumezaliwa wanne, kaka mkubwa ni mwalimu wa serikali Mwanza, mdogo wangu wa kiume yupo kampuni binafsi Dar, dada kaolewa Kasulu. Wanatuma elfu thelathini, hamsini, mwezi mwingine kimya, nikiongea naambiwa wewe si upo nyumbani tu. Dawa za presha nanunua, pampas nanunua. Nimesikia serikali inalipa wanaolea wazee na kwamba Zanzibar wanapata, halafu kuna mtu hapa mtaani kaniambia nimpe elfu arobaini amuingize mama TASAF. Ni kweli? Na hicho kitambulisho cha matibabu bure kinapatikanaje? La mwisho naona aibu kulisema, kuna siku namfokea mama halafu naenda kulia chooni. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu, pole sana, na hongera pia, maana mgonjwa wa kiharusi kumaliza mwaka mzima nyumbani akiwa bado ana mtu wa kumlisha, kumgeuza na kumwogesha siyo kazi ndogo hata kama hapo kwenu hakuna anayelisema.

Huyo wa elfu arobaini usimpe hata mia, nitamrudia chini.

Tuanze na hili la serikali kulipa walezi kwa sababu naona limezunguka sana mitaani. Huku Bara hakuna posho ya mtu anayemuuguza mzazi wake. Haipo, siyo kwamba ipo halafu wanaificha pale Manispaa. Ulichosikia cha Zanzibar ni kweli ila kimeongezwa chumvi kidogo, kule kuna Pensheni Jamii, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa, na anayelipwa ni mzee mwenyewe aliyefikisha miaka 70 ambaye ni mkaazi wa kule, siyo mwanae anayemtunza. Mama umri angetosha lakini anaishi Ujiji, basi hiyo tuiache. Sisi tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inasema matunzo ya mzee msingi wake ni familia. Maneno mazuri tu, ila familia ikishatajwa hapo kinachofuata kwa vitendo ni mtu mmoja ndani ya hiyo familia, mara nyingi binti, anaacha shughuli zake na hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu ya alichokiacha.

Kwa hiyo ukienda ofisini kuuliza "msaada wa walezi" watakwambia hakuna na utarudi nyumbani umenyong'onyea. Uliza tofauti. Msaada uliopo umefungwa kwa watu wengine siyo kwako, mwingine umefungwa kwa mama kwa sababu ni mzee, mwingine kwa kaya yenu, na mwingine, ambao naona hamjauona kabisa, umefungwa kwenye ajira ya kaka yako.

Nianze na huo wa kaka maana ndio mkubwa. Mwalimu wa serikali anakatwa kila mwezi kwenye mshahara kwa ajili ya bima ya NHIF, na kadi yake haimhusu yeye na mke wake tu, inabeba na wategemezi hadi wanne, na wazazi wanahesabika humo, wa kwake na hata wa mkewe. Watu wengi wanajua watoto tu. Mpigie umuulize swali moja, umeandikisha wangapi? Kama ana watoto wawili au watatu basi nafasi ya mama ipo na imekaa bure huku wewe unanunua dawa kwa hela ya mfukoni. Kama nafasi zote nne zimejaa hapo pana mazungumzo, labda mtoto mmoja ameshakuwa mkubwa anajitegemea au kapata bima kwingine, aangalie. Anaenda kwa afisa utumishi wake anaomba utaratibu wa kumuongeza mzazi, awe na picha ya mama, namba ya NIDA ya mama na cheti chake yeye cha kuzaliwa chenye jina la mama. Mambo ya bima yanabadilika tangu ilipopitishwa sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ndio maana namtuma kwa afisa utumishi apate fomu ya sasa asitumie ya rafiki yake ya miaka iliyopita. Hii haimtoi hela mpya, anakatwa tayari. Ndio maana uanze nayo, ni ombi ambalo hawezi kukwambia hali ngumu.

Wakati hilo linashughulikiwa, wewe fuatilia kitambulisho cha matibabu bure. Mzee kwa taratibu zetu ni kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Unaanzia kwa mtendaji wa mtaa wako, siyo hospitali. Yeye na mwenyekiti wanathibitisha kwamba mama anaishi hapo, ana umri huo na hana kipato, jina linapelekwa ustawi wa jamii Manispaa ya Kigoma Ujiji na kadi inatoka huko. Nenda na NIDA ya mama au kadi ya mpiga kura, na picha ndogo za pasipoti. Najua unajiuliza mama atapigwaje picha wakati hatoki, mwite kijana wa studio aje na simu yake amkalishe mama kwenye kiti ukutani pakiwa na shuka jeupe nyuma, mambo yameisha. Usikubali kuambiwa "mlete mwenyewe tumuone", waombe mjumbe au mtendaji apite nyumbani, kumuona mzee aliyelala kitandani ni sehemu ya kazi yao.

Ila nikwambie ukweli usije ukaudhika baadaye. Kadi inafuta malipo ya kumuona daktari, ya vipimo na ya dawa zilizopo. Zilizopo. Siku stoo haina, utaandikiwa ukanunue nje na kadi haitakusaidia pale kwenye duka la dawa. Hapo ndipo bima ya kaka inapoizidi, maana ina maduka ya dawa yaliyosajiliwa. Kwa hiyo vyote viwili vifuatilie, kitakachotangulia utakitumia. Na kabla hujatoka kwa daktari mwambie wazi, daktari naomba dawa ambayo hapa ipo mara nyingi, na niandikie ya miezi miwili. Dawa nyingi za presha zina aina ya bei rahisi inayofanya kazi ile ile. Kupima presha tu hakuna haja ya kumbeba hadi hospitali ya rufaa ya Maweni kila mara, kituo cha afya cha karibu kinatosha, hela ya bajaji kwenda na kurudi na mgonjwa asiyekaa vizuri nadhani unaijua mwenyewe.

Mkilazwa au mkidaiwa kabla kadi haijatoka, hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii humo humo ndani. Nenda ukaongee nao mapema, siku ya kwanza ya kulazwa, usisubiri bili iandikwe ndio ukimbie kulia pale dirishani.

Sasa TASAF na bwana wa elfu arobaini. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020, hauandikishi wazee kwa sababu ya uzee wao, unaandikisha kaya. Majina yanatajwa na wananchi kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, halafu kaya inahojiwa maswali mengi tu, mnakula mara ngapi, nyumba imeezekwa nini, nani anawatumia hela, na majibu yanachakatwa huko juu. Hakuna ada ya kuingia hatua yoyote. Na haiingiliki siku unayotaka wewe, mpaka lije zoezi la kutambua kaya. Mtu anayekwambia "mimi nina mtu wangu mle" anakula hela ya mama yako ya pampas. Ukipenda mripoti TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba ni 113 na haina gharama, ukiona ni jirani na unaogopa maneno basi angalau mnyime. Halafu muulize mtendaji, jina la mama liliwahi kupitishwa? Zoezi lingine ni lini? Nikuambie tu usiweke matumaini yote hapo, kaya yenye watoto wawili waajiriwa inaweza isipite, na ikipita ni ruzuku ndogo, itasaidia sabuni na unga lakini haitafufua biashara yako.

Hapa sasa ndio nataka tukae, maana barua yako nimeisoma mara mbili na sioni kama tatizo lako kubwa ni serikali.

Umesema siku nzuri ulikuwa unabaki na elfu kumi na mbili. Tuseme kwa mwezi unaenda sokoni siku ishirini na zote ni nzuri, ukitoa zile siku za mbalamwezi ambazo wavuvi wa taa wanapumzika. Hiyo ni laki mbili na arobaini. Hizo laki mbili na arobaini kila mwezi ndizo unazotoa wewe kumtunza mama, ndivyo hesabu ilivyo, kwa sababu umeziacha ili ukae naye. Tuseme kaka anatoa elfu hamsini, mdogo wako thelathini, mwezi mwingine sifuri. Kwenye familia yenu anayetoa kuliko wote ni wewe, tena mara tatu ya wote wakijumlishwa. Ila hela ya kutumwa ina meseji ya kuthibitisha, jina linasoma, kila mtu anaiona, wakati hela ambayo haikuingia kwa sababu ulikuwa unamgeuza mama haina meseji. Ndio maana wanakuona kama mtu "upo nyumbani tu". Sidhani kama ni roho mbaya, wengi wao hawajawahi kukaa na mama siku tatu mfululizo tangu augue, wanachojua ni kile wanachokikuta wakija kwa siku mbili mama akiwa ameshaogeshwa, kavalishwa gauni safi.

Nunua daftari la mia tano. Ukurasa wa kushoto andika kilichotoka, pampas, sabuni, dawa, bajaji, unga wa uji, maji. Ukurasa wa kulia andika kazi na saa: saa kumi alfajiri kumgeuza na kubadilisha, saa moja kumwogesha, saa mbili uji kwa kijiko nusu saa, na kuendelea hivyo hivyo mpaka usiku ulioamka. Jumapili piga picha zile kurasa tuma kwenye grupu la familia la WhatsApp. Usiandike neno. Usiseme "mnaona ninavyoteseka", usiseme chochote, picha tu. Wiki ya pili tena. Mtu akiona kwa maandishi kwamba dada yake kaamka saa nane na saa kumi usiku siku saba mfululizo anabadilika, siyo wote, lakini nimeona wengi wakibadilika kwa karatasi kuliko kwa kelele.

Wiki ya tatu omba kikao cha simu, na kisiongozwe na wewe. Mtafute mjomba au baba mdogo au shangazi ambaye kaka yako mkubwa akimsikia anasema naam. Wewe kwenye kikao usiombe "mnisaidie", ukiomba msaada utapewa msaada, yani chochote, siku yoyote. Kila mtu apewe jukumu lenye jina lake. Kaka, bima na kiasi kisichobadilika mshahara ukitoka. Mdogo wako wa Dar, malipo ya mtu wa kukushika mkono hapo nyumbani. Dada wa Kasulu, inawezekana hana hela na mume naye ana mambo yake, yeye aombwe muda, Kasulu siyo mbali, asubuhi kapanda basi na mchana yupo Ujiji, aje wiki moja kila baada ya miezi miwili wewe ukalale. Mjomba aandike, asome, wote wakubali hapo hapo.

Wasikwambie hawana muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 zenye malipo, mdogo wako anazo hizo, na kaka mwalimu ana likizo za shule za Juni na Desemba juu yake. Siku kumi za kila mmoja kwa mwaka ni haki kabisa kuziomba. Na ujue sheria hiyo hiyo inatoa siku nne za malipo mtoto wa mfanyakazi akiugua au akifariki, na siku nne mzazi akifariki, lakini mzazi akiugua haijataja siku za malipo. Ndio maana unaona watu wanajaa msibani kutoka Dar na Mwanza na hawakuonekana wakati wa kuuguza, kazini ruhusa ya mazishi inatoka kirahisi. Mwambie mdogo wako bora atumie likizo yake ya mwaka mama akiwa anamtambua.

Turudi kwenye dagaa. Mimi kwa maoni yangu biashara usiiache ife, hata kama ndugu wote wataanza kutuma vizuri, maana mama akishaondoka, na tuseme ukweli ipo siku, wao watarudi kwenye mishahara yao na wewe utakuwa na miaka arobaini na kitu huna mtaji wala wateja. Uzuri wa biashara yako ni kwamba ina kalenda. Siku za giza ndizo za kazi, mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna kitu. Basi humhitaji mtu wa mwezi mzima, unamhitaji kwa siku za giza tu, kuanzia alfajiri boti zinaporudi mpaka saa saba nane mchana. Tuseme umepata mama wa jirani kwa elfu nne kwa siku, siku ishirini ni elfu themanini. Ukirudisha hata nusu tu ya zile laki mbili na arobaini bado umeshamlipa na umebaki na kitu, na kama mdogo wako anamlipa yeye basi yote ni yako. Hayo ndio mahesabu ya kumuwekea mdogo wako mezani, elfu themanini yake inazalisha, wakati thelathini yake ya kubahatisha inaisha siku hiyo hiyo. Tafuta mtu mzima, usichukue kabinti ka miaka kumi na tano kutoka kijijini, kumgeuza mtu mzima mwenye upande uliokufa ni kazi nzito na mtawaangusha wote wawili. Na kumbuka ziwa linafungwa, kama 2024 lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi kama hiyo huna cha kuuza, kwa hiyo kwenye kikao mkubaliane mapema kwamba ziwa likifungwa mchango wa ndugu unapanda.

Mtaji umekwisha, najua swali linalofuata. Tafadhali kaa mbali na mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila siku au kila wiki. Mwenye mgonjwa ndani hawezi kuhakikisha mauzo ya kila siku, siku mama akizidiwa tu wamebeba godoro. Ipo asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Inataka kikundi, wanawake kuanzia watano, na kimesajiliwa. Wanawake wenzako wa dagaa pale Kibirizi mnaofahamiana ndio kikundi chenu, anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Inachukua muda na foleni ni ndefu, kwa hiyo kwa sasa kikoba cha mtaani, kile cha kuweka na kukopeshana, chenye watu unaowajua kitakuvusha.

Na hili la kuuza kiwanja au chumba cha mama, hujaliuliza ila huwa linakuja. Mali ni ya mama na mama yupo hai. Kama anaelewa aulizwe, hata kama anajibu kwa kubana mkono. Ukiuza peke yako hata kama kila senti ilienda hospitali, utakuja kuitwa mwizi kwenye msiba.

Matumizi ya ndani yapo mawili ya kupunguza. Pampas zitumie usiku na safarini, mchana msaidie mama kujisaidia kwa saa maalum, dakika ishirini baada ya uji na kila masaa mawili mpe chombo, chini tandika nailoni halafu khanga kuukuu zilizokunjwa. Ila usimpunguzie maji ili asikojoe, wengi wanafanya hivyo na matokeo yake ni mkojo mchafu, homa na kulazwa. La pili ni vidonda vya kulalia. Kidonda kimoja cha kiunoni kitakula hela kuliko dawa zote za presha, maana kinasafishwa wiki na wiki. Vinatokea kwa sababu mfupa unabana nyama ile ile kwenye godoro masaa mengi damu haipiti. Mgeuze kila masaa mawili, weka mto katikati ya magoti, na kila ukimwogesha angalia juu ya makalio, nyonga na visigino, ukiona wekundu au weusi ambao haupotei ukiubonyeza upande huo asilalie tena. Na mgongo wako, usimnyanyue kwa kumvuta mkono, hasa ule wa kulia, bega litachomoka. Kunja shuka mara mbili, lipite chini yake kutoka mabegani mpaka mapajani, mkamate pembe wewe na mwenzako mvute shuka, siyo mtu. Ukiwa Maweni omba muonane na wa mazoezi tiba akuoneshe kwa mikono yake, somo la nusu saa.

Wakija wa kukwambia karogwa, kiharusi ni mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na chanzo kikubwa ni presha. Sala na dua kila mtu na imani yake, ila hela ya dawa isiende kwa mganga, na vidonge visiachwe hata siku anayoonekana mzima.

Sasa lile la chooni. Dada, mtu anayeamshwa kila baada ya masaa mawili kwa mwaka mzima atafoka. Ubongo usiolala hauna breki. Halafu kiharusi chenyewe kinabadilisha tabia, mama anaweza kulia au kucheka bila sababu, akagoma kula, akakung'ang'ania, na wewe unaona ananifanyia kusudi kumbe ni sehemu ya kichwa iliyoumia. Na kuongea kwake kwa shida siyo kwamba haelewi, wengi wanaelewa kila kitu ila neno halitoki, kwa hiyo muulize maswali ya ndiyo na hapana, abane mkono mara moja au mara mbili, hasira za pande zote mbili zitapungua. Ukihisi inapanda, hakikisha yupo salama hataanguka, toka nje ukakae kibarazani mpaka moyo utulie, uji ukipoa utapashwa. Kufokea siyo sawa lakini hakukufanyi mtoto mbaya. Ila kama umewahi kumpiga, kumbana kwa nguvu au kumnyima chakula kwa hasira, au unalia kila siku, au hulali hata ukipata nafasi, au umewaza kwamba bora mimi nife au yeye afe, hapo siyo tena jambo la kuvumilia kimya. Nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo ulivyoniandikia, na nenda ustawi wa jamii. Hawatakuja kukukamata, kazi yao ni kutafuta namna ya kuwapunguzia. Kuna makazi ya wazee ya serikali, hata Kibirizi yapo, lakini yale ni ya wazee wasio na mtu kabisa, kwa hiyo usiogope kwamba ukisema umechoka mama atachukuliwa.

Kwa mama, usisubiri kadi wala bima, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akipinda uso upya, akiishiwa nguvu upande mwingine, akizidi kushindwa kuongea ghafla, akipaliwa kila anapokula, akiwa na homa, au akilala sana kuliko kawaida huamshiki vizuri.

Ukienda kwa mtendaji nenda asubuhi kabla hajatoka kwenda vikaoni, beba NIDA ya mama, picha, karatasi za Maweni za kiharusi na lile daftari. Mwachie nakala siyo orijino, andika jina lake na tarehe uliyoenda, na umuulize nirudi lini nipate jibu.